Pini ya Breki Imo Mkobani Mwangu

Alhamisi, Bongwe. Manyunyu ya alfajiri yamekatika, jua limewaka, nguo nilizoanika zimekauka kabla ya saa nne. Siku njema kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Shajara yangu, wewe sikufichi. Nimemsingizia mtu.

Kazi yangu ni kukodisha viti na masufuria ya harusi. Nilipopata hiki kigari changu kilichoinuka kidogo, kichwa kikanivimba, nikataka na tela. Fundi Mbwana ndiye aliyeniundia. Aliniambia gari ni jepesi, haliwezi kuuzuia mzigo ule peke yake, kwa hiyo akalitia tela breki zake: nikipunguza mwendo, tela linalisukuma gari na hapo hapo linajikamata lenyewe. Shida ni kurudi nyuma, maana hapo pia hujikamata. Ndipo akaweka pini ya kuzizima breki.

"Ukimaliza kurudi nyuma, mwanangu, itoe kabla hujakwenda popote."

Nikaitikia naam, huku natazama simu.

Juzi nililirudisha tela nyuma hadi mlangoni pa harusi kule Kwale mjini. Tukapakia, tukaondoka. Pini sikuitoa. Kwenye mteremko wa kushukia Kombani nilikanyaga breki na gari likaendelea kwenda. Tela lilikuwa likinisukuma, kisha likaanza kuyumba huku na huku. Shangazi Mwanaisha, aliyekaa kando yangu, alikuwa ameshaanza kutoa shahada. Tukaishia ndani ya ua wa makuti wa watu, na viti vimetapakaa hadi kwenye mihogo yao. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Watu wakajaa, wakauliza kulikoni. Nikawajibu bila kufikiri, "Breki za Fundi Mbwana hizo."

Naapa, wakati ule niliamini hivyo.

Fundi alipopigiwa simu alikuja mbio kwa bodaboda. Wakamtazama kwa jicho baya, naye akachuchumaa penye tela, akainuka, akanijia mkono ameufumba. Akanitia kitu kiganjani. Ilikuwa pini.

"Itie mkobani, mwanangu," akasema polepole, nikasikia mimi tu. "Mungu ndiye msitiri."

Kisha akawapa watu pole, akaanza kuokota viti.

Nami nikanyamaza. Nilikuwa na pini mkononi, na watu wote pale, na ulimi mzima, nikanyamaza.

Leo jirani ameniambia kwamba mwenye tela la maji wa Msambweni ameliondoa kwa fundi, eti hataki kufa. Shangazi naye anaisimulia ajali kila anakokwenda, na kila mara jina la fundi limo. Tangu asubuhi nimekunywa chai ya rangi tu. Mzee wa watu amenifunika kwa nguo yake mwenyewe, akabaki uchi yeye.

Kesho ni Ijumaa. Watu wakitoka kuswali hupita mbele ya karakana yake, nami nitakuwa nimesimama pale na pini hii mkononi. Nimemwomba Shangazi anisindikize. Hajui ni kwa nini.

Nimesimama mbele ya kioo kujaribu nitakavyosema: pini niliiacha mimi. Maneno matatu tu, na yamenishinda mara nne.