Mkwaruzo kwenye Lenzi ya Saba

Jumatatu, 4 Machi 2019

Theluji tena. Lenzi ya saba imekamilika! Miezi minane ya kuing'arisha—kubwa kama meza ya chai, safi hadi unadhani hakuna kitu. Wiki ijayo inapelekwa kwenye ile leza kubwa, wanakojaribu kuwasha moto kama wa jua. Stanley, fundi aliyenifundisha kazi miaka kumi na tisa iliyopita, ameizunguka yote, akiinama hapa na pale. Halafu: haya Loretta, leo sina la kukusuta. Kwa Stanley, hiyo ni sifa!

Jumanne, 5 Machi

Nimeikwaruza. Mimi.

Nilikuwa naiosha, zipu ya ovaroli ikagusa kioo. Sauti ndogo tu—tsss. Hakuna aliyeona. Mstari mwembamba kuliko unywele. Lakini mwanga wa leza utauona. Kioo kitapasuka hapo, na kwa kila pigo la mwanga ufa utapanuka, mpaka lenzi nzima iwe takataka.

Nimerudi nyumbani sijasema.

Jumatano ya Majivu, 6 Machi

Nimesema.

Nimetoka kanisani na majivu yangu kwenye paji, moja kwa moja kwa Denise, bosi wetu. Nilijua nafukuzwa. Akauliza tu: upande gani, urefu gani. Kisha akasema, ungeficha ningekufukuza; umesema, basi niitie Stanley.

Stanley naye: miaka yote hiyo, mama, na zipu bado inakushinda? Halafu akavua miwani. Kumbe ujanani naye alikwaruza moja, akanyamaza. Ilipasuka kazini, vipande vikaharibu na ya jirani. Hakuna aliyejua ni yeye—mpaka leo, aliponiambia mbele ya Denise.

Nililia. Sikustahili watu kama hawa.

Alhamisi, 7 Machi

Leo lenzi imeingia kwenye bafu la asidi. Asidi inakula ngozi ya juu ya kioo, ncha kali za ufa zinalainika, mwanga unakosa pa kukwama. Taratibu—ukizidisha, umbo linaharibika. Stanley alikuwa na miadi ya daktari wa goti. Ameiahirisha. Amesimama nami siku nzima, goti limevimba kama boga, na hataki kushukuriwa. Nimemshukuru hivyo hivyo.

Mkwaruzo sasa ni bonde laini. Linatosha? Sijui.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha majaribio. Mapigo mia ya leza, palepale penye kovu, makali kuliko ya kazini. Denise katuletea samaki wa kukaanga, wale wanaouzwa parokiani Ijumaa za Kwaresima. Stanley kala wake, sasa anakula wangu.

Pigo la sitini, wanatutangazia kutoka ndani: doa. Dogo kama chembe ya unga. Mungu wangu.

La themanini: lipo, halijakua.

Mia. Wamezima. Denise ametoka—picha ya mwisho iko tayari, nani aisome, aseme kama doa limekua? Nikamtazama Stanley. Amefuta vidole, akasema: Loretta. Macho yake ndiyo ninayoyaamini.

Yangu! Baada ya yote haya, yangu.

Denise ameushikilia mlango. Naingia—