Siku ya Kwanza ya Ukalimani

Mjukuu wangu Akiru,

Ejok, hujambo? Huku Lodwar tu wazima, na mguu wa mama yako umepona. Umeniuliza kama woga ni dalili kwamba uiache kazi yako hii ya tatu.

Mimi niliacha upishi, nikaacha cherehani, nikaenda Kakuma kuwa mkalimani hospitalini. Siku ya kwanza daktari akaniambia, "Mwambie mama huyu tutampasua sasa. Mtoto amekwama."

Nilihofia kukosea neno. Nilipomweleza, mama alinishika mkono. "Nitakufa?"

"Sijui," nikamjibu. "Hata mimi naogopa. Lakini siondoki."

Akakubali. Wakapona wote wawili.

Nilifanya kazi hiyo hadi uzeeni, nikiogopa kila asubuhi. Jikoni sikuwahi kuogopa hivyo, wala kuipenda kazi hivyo.

Nyanya yako,
Nakiru