Nusu Yako ya Asubuhi

Ramadhani 4

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila huku kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali mvuke unanipika mzimamzima. Hofu yangu ni kwako.

Jirani yako kinyozi kanipigia. Eti juzi ulizirai juu ya cherehani, sukari imepanda, na daktari kasema vidonge vya adhuhuri havinywewi tumbo tupu, kwa hiyo usifunge. Jana ukafunga! Baba, mama ameshatangulia, nimebaki na wewe tu. Mungu hana haja na njaa ya mzee mkaidi. Kula, la sivyo usiniandikie tena.

Mwanao,
Uzi

Ramadhani 6

Uzi wangu,

Marahaba. Naona ulimi wako bado ni mkasi. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananung'unika. Barua hii kinyozi ataipiga picha akurushie. Ukiucheka mwandiko wangu, shauri yako.

Huyo daktari suruali yake ya kwanza ya shule nilimshonea mimi. Leo ananikataza saumu!

Nikwambie kweli. Tangu mama yako afe, kila mwaka miezi kumi na moja nakula peke yangu, macho ukutani. Mwezi huu mmoja, jua likizama, nakaa msikitini na watu, bega kwa bega. Nisipofunga nitakaa nao kwa uso gani? Njaa naiweza, mwanangu. Upweke ndio unaonishinda.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka sita? Ulifunga mpaka adhuhuri ukala, kesho yake hivyo hivyo. Nikakwambia, "Lete hizo nusu mbili, fundi aziunge ziwe siku moja." Ukatembea mtaa mzima kifua mbele.

Baba yako,
Fundi

Ramadhani 7

Baba,

Shikamoo. Nimelia juu ya mashuka ya watu. Nisamehe kwa lile neno "mkaidi". Nilikuwa nimefunga tumbo, ulimi nikauacha ule watu.

Lakini bado nakuomba. Mgonjwa karuhusiwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, na ruhusa ya mkubwa hairudishwi. Kula adhuhuri, kisha magharibi nenda ukakae na wenzako. Hakuna atakayekuuliza. Sitaki kusikia kwa simu kwamba sina baba.

Mwanao,
Uzi

Ramadhani 15

Uzi,

Hujambo mama? Kazi haijakuchosha? Mimi naendelea vizuri, na wewe umeshinda. Daku nakula kama kawaida, na leo ni siku ya nane nakula pia adhuhuri. Natoka kibarazani, naingia ndani, nakomea mlango, nakula upesi kama mwizi, nameza vidonge, narudi kwenye cherehani. Jana mteja kabisha hodi, nikajifanya sipo, tonge liko mdomoni. Nikacheka mwenyewe.

Miaka hamsini nimejivunia kufunga. Kumbe kuacha chakula ni kazi nyepesi. Kuacha kiburi ndiyo kazi. Nadhani mwaka huu ndio nafunga kweli, na sahani iko mbele yangu. Inauma, sikufichi. Nikipona nitazilipa siku zote. Usiulize nazikumbukaje, mimi ni fundi.

Uje Idi. Nguo yako iko tayari, imebaki pindo.

Baba yako,
Fundi

Mfunguo Mosi 20

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii. Nakuandikia kwenye meza yako ya kukatia.

Siku zote ulikaa kibarazani, kila mpita njia akikuona. Ramadhani kumi na tisa, adhuhuri, ulikomea mlango. Watu wakadhani umetoka. Kinyozi alibisha hodi mpaka alasiri, ndipo wakavunja. Mlango ule niliukomea mimi, Baba, nilipokushikilia ule. Kila mtu ananiambia ni kudra ya Mungu, naitikia, kisha narudi kuutazama.

Chakula hukukigusa, anasema kinyozi. Wali ulikuwa mzima, vidonge viwili pembeni. Kando ya sahani walikuta kipande cha kitambaa cheupe, wakakiweka tu. Kina mishono kumi na mmoja, na kwenye wa kumi na mbili sindano ilikuwa bado imechomekwa. Wao hawakuelewa. Mimi nilihesabu tangu Ramadhani nane, nikaziona siku zako za kulipa.

Imamu kaniambia mtoto anaweza kumfungia mzazi wake aliyekufa. Tangu tarehe tisa ya mwezi huu nakufungia. Kila magharibi kabla ya kufuturu nagusa mshono mmoja. Leo ni ule wa mwisho.

Lakini siku ile ulikuwa hujala. Mimi nimefunga kutwa, ila najua nusu ya asubuhi ulishaifunga wewe. Nimeivuta sindano, nikaunga nusu yako na yangu, nikapiga fundo. Siku moja, Fundi. Haina kasoro.

Adhana imelia. Mlango nimeuacha wazi, na kinyozi anakuja na kiti chake.

Mwanao,
Uzi