Mwanamke wa Aisilandi

Kinyala, Rungwe
7 Oktoba 2001

Mwanangu Lusungu,

Pokea salamu zetu. Sisi tu wazima, isipokuwa goti la mama yako linamsumbua mvua ikinyesha, na mvua ya huku unaijua, haiombi ruhusa. Sijui huko Morogoro unaendeleaje na kifua chako.

Barua yako Mansuri alinipa dukani kwake Tukuyu nilipopita kuangalia sanduku lake la posta. Nimeisoma mara mbili, na bado sielewi vizuri. Yaani kwenye hizo kompyuta za kazini kwako mtu anaandika swali, na mtu mwingine asiyemjua, aliye nchi nyingine, analisoma siku hiyohiyo na kulijibu? Na Fred, tajiri wako, anakuruhusu uandike kama hakuna wateja?

Kama ni kweli, niulizie haya. Je, kwao ndizi zinapikwa, au wanazila mbivu tu kama watoto? Wanasali siku gani, kanisani au wapi? Wakimaliza kazi za siku, mikono yao wanaishughulisha na nini? Mansuri naye ana lake. Ramadhani inakuja, anataka kujua Waislamu wa zile nchi za baridi, ambako jua linafanya linavyotaka, wanafuturu saa ngapi.

Mama yako anasema nisikuchoshe. Nimeandika hata hivyo.

Baba yako


Morogoro
2 Novemba 2001

Shikamoo Baba. Na Mama mpe shikamoo yake.

Mimi mzima, kifua kimetulia. Maswali yako niliyatafsiri nikayaweka kwenye ukurasa wa maswali. Wengi walicheka tu, na mmoja alijibu maneno mabaya juu ya dini ambayo sitayaandika hapa. Lakini kuna mama mmoja wa Aisilandi, kisiwa cha kaskazini kabisa. Kwenye ukurasa ule watu hawatumii majina yao, na yeye anajiita Mfumaji, kwa sababu anafuma masweta. Ana miaka sabini na moja. Kompyuta ilikuwa ya mumewe, aliyefariki Machi. Ameandika hivi:

"Mwambie baba yako kwetu migomba haioti nje, baridi inaiua. Lakini chini ya ardhi yetu kuna maji ya moto. Watu wamejenga nyumba za vioo, wakazipasha joto kwa maji hayo, na humo ndani migomba inazaa. Nimeiona kwa macho. Sijasikia mtu akizipika ndizi. Kanisa letu ni la Kilutheri, dogo, na mchungaji anakuja mara moja kwa mwezi. Rafiki yake wa dukani mwambie kuwa Desemba jua linachomoza saa tano asubuhi na kuzama saa tisa na nusu. Sasa nami nimwulize: kwenu mtu akifa, nani anakaa na aliyebaki?"

Nimjibu nini, Baba?

Mwanao Lusungu


Kinyala
18 Novemba 2001

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Goti la mama yako lina nafuu. Sisi sote tupo.

Nyumba ya vioo ya migomba! Nilimsimulia jirani yetu Amoni tukichuma chai, akasema huyo mama ananidanganya. Mimi namwamini. Mwongo angesema na wao wanazipika. Mansuri amecheka mpaka akakaa juu ya gunia. Anasema wao hawangoji jua lichomoze, wanaanza kufunga alfajiri, lakini hata hivyo saa tisa na nusu si saa ya kulalamikia.

Kuhusu swali lake, mwambie kwetu hakai mtu mmoja. Wanakaa wote. Habari ikifika tunaacha jembe shambani. Wanawake wanaingia ndani na kulala chini na mfiwa kwenye mikeka, wanaume tunakaa nje tukiota moto. Kila nyumba inaleta mkungu, kuni, maharage. Mfiwa hapiki, hachoti maji, haachwi peke yake hata akitaka. Asiyekwenda, watu wanamwuliza ana ugomvi gani na marehemu.

Halafu mwulize yeye, mumewe alipofariki, nani alikaa naye? Na mweleze jinsi mama yako anavyopika mbalaga: ndizi mbichi, maharage, chumvi, na asiharakishe moto.

Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana kwa kazi hii.

Baba yako


Morogoro
19 Desemba 2001

Shikamoo Baba,

Natumaini mvua haijaharibu barabara na barua hii itafika. Mimi mzima, kazi nyingi.

Mfumaji anasema jibu lako amelisoma mara tatu. Kuhusu swali lako ameandika: "Watu walikuja kanisani, wakanywa kahawa, na saa kumi wakaondoka. Walikuwa wema sana. Kisha theluji ikaanguka."

Anaishi peke yake. Jirani yake wa karibu yuko mbali kama kutoka kwetu mpaka barabara kubwa. Ana mtoto wa kiume nchi nyingine, hawajazungumza miaka mingi. Na Baba, wiki iliyopita aliteleza bafuni. Nyonga inamwuma, anatembea kwa kushika ukuta. Anasema itapita.

Krismasi njema. Fred hatanipa likizo.

Mwanao Lusungu


Kinyala
28 Desemba 2001

Lusungu,

Hatujambo. Barua hii nampa kondakta wa basi, maana posta itachelewa.

Mwambie leo, si kesho, apige simu kwa huyo jirani. Bibi yako alipoanguka kisimani alisema hivyohivyo, itapita. Siku ya nne tukambeba mpaka hospitali ya Igogwe, wakatuonyesha mfupa uliovunjika. Mwambie theluji si sababu. Angekuwa Kinyala wanawake wangekuwa wameshajaa kwake, hata kama hataki.

Na aniambie jina lake. Mama yako anataka kumtaja kwenye maombi ya wanawake, na anasema hawezi kumwita Mfumaji mbele ya Mungu.

Baba yako


Kinyala
27 Januari 2002

Mwanangu,

Salamu. Mwezi mzima sasa hakuna barua. Mansuri akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika. Je, unaumwa? Kama huumwi, yule mama anaendeleaje? Wanawake wa kanisani wananiuliza kila Jumapili.

Baba yako


Morogoro
12 Februari 2002

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama.

Siumwi. Nimekaa na barua hii mwezi mzima, naianza na kuichana.

Simu ya kazini ilikatika tarehe 22 Desemba. Waya ziliibwa, na mafundi walikuja tarehe 14 Januari. Bila simu kompyuta zetu haziendi popote. Barua yako ya basi niliipata tarehe 2, nikaiweka kwenye mkoba. Kuna duka lingine la kompyuta hapa mjini, Baba. Ningeweza kwenda. Kila siku nilisema laini itarudi kesho.

Ilipofunguka nilikuta jumbe zake tatu.

Tarehe 27: "Mwambie baba yako nimejaribu ndizi zake. Zimekuwa uji, lakini nimezila."

Tarehe 31: "Kutoka kitandani mpaka kwenye kompyuta nimechukua muda mrefu. Sitaki kumtoa jirani kwenye theluji hii. Niandikieni habari za huko."

Tarehe 3: "Lusungu, kuna mtu hapo?"

Basi. Nilimwandikia siku hiyo na kila siku. Niliwaomba wenye ukurasa wanipe anwani yake, wakasema hawaruhusiwi. Nikauliza watu wote waliomo. Mwanamume mmoja wa Denmark alisema yuko tayari kuwapigia simu polisi wa kule, nimpe tu jina. Nikamwambia Mfumaji. Akaniuliza, jina lake? Nikamwambia sina lingine.

Nisamehe, Baba. Sijui nifanye nini.

Lusungu


Kinyala
24 Februari 2002

Mwanangu Lusungu,

Sisi tupo.

Barua yako niliisomea dukani nimesimama. Mansuri akaniuliza, "Mzee Ambindwile, nani kafa?" Nikamwambia sijui kama kafa. Akatoka nyuma ya kaunta, akaufunga mlango wa duka, akakaa nami.

Nyumbani nilimweleza mama yako. Akajifunga kitenge cha pili kama anavyofanya akienda msibani, akafika mlangoni, akasimama. "Tunaelekea upande gani?" aliniuliza. Akarudi akakaa na kitenge chake vilevile mpaka giza likaingia.

Jumapili nilimwendea mchungaji. Akaniuliza, "Nimwombee kama mgonjwa au kama marehemu?" Nikamwambia sijui. "Anaitwa nani?" Nikamwambia na hilo sijui. Akamwombea hivyohivyo, mama mmoja wa mbali, na watu wakasema amina huku wakitazamana. Hakuna aliyeleta kuni wala ndizi. Siwalaumu. Utapeleka kuni kwenye nyumba gani?

Wewe nilikukasirikia, sikufichi. Siku mbili sikutaka kuandika. Kisha nikaona kwamba mimi ndiye niliyemwuliza chakula chake, dini yake, kazi ya mikono yake, na jina lake nililiuliza mwisho kabisa, likabaki kwenye mkoba wako. Hata sasa sijui nilipaswa kufanya nini kutoka huku. Naamka, nakwenda shambani, nakata mkungu, nauacha palepale.

Mwandikie tena. Usimwulize kitu. Mwambie tupo.

Halafu kuna lako. Miaka miwili unaishi Morogoro na mimi sijui umepanga na nani. Niandikie majina ya majirani zako watatu, na mwenye simu kati yao ni nani. Kama huwajui, kawagongee leo. Mama yako anasema tunataka majina yao kamili, ya kuzaliwa, usituletee ya utani.

Baba yako,
Ambindwile