Kula Mara Moja

Mjukuu wangu Furaha,

Nakusalimu kutoka Nyamianda. Dada yako amejifungua binti, wote wazima. Tangu babu yako atuache, napikia sufuria ndogo.

Unauliza kama kula mara nyingi ndiko kunakonenepesha. Katika miaka ya hamsini nilishuka kutoka Bijombo, milimani kwa wafugaji, kuja kuolewa, nikiwa mwembamba sana. Mama yake babu yako, mwanamke mnene, hakunitaka.

"Weye, kwenu munakula mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

"Ndiyo maana iko mifupa tu! Huyu atazaa nini?"

Babu yako akanitetea mimi mchumba wake. "Na weye, mama, unakula mara ngapi?"

"Minye? Mara moja tu, mangaribi," alijibu, mdomo umejaa kiazi kitamu.

Kwetu sote, kula kulikuwa ugali. Viazi alivyotafuna kutwa na maziwa niliyokunywa kwetu havikuhesabiwa. Alikitazama kile kiazi mkononi, akacheka mpaka machozi, akakikata, akanipa nusu.

"Ikala hapa, binti yangu. Tukule pamoja."

Basi, mjukuu wangu, kabla ya kuhesabu, muulize mtu anaita nini kula.

Nakukumbatia,
Bibi yako