Mtoto atamfuata nani?

Jumapili, Novemba. Mkolani.

Mvua ya asubuhi ilikatika kabla watu hawajatoka kanisani, na mchana kutwa kumekuwa na ubaridi mzuri wa kukaa nje. Nimeshiba, miguu imechoka, na moyo umetulia kuliko nilivyotarajia. Haujatulia wote. Naandika ili nijue ni wapi bado panasumbua.

Leo Rashidi amekuja kwetu kwa mara ya kwanza.

Rashidi ni bwana shamba huko Misungwi, ni Mwislamu, na ndiye ninayetaka anioe. Baba yangu ni mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri, Mhaya aliyehamia Mwanza na Biblia yake na miche yake ya migomba. Mpaka leo asubuhi alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Mlete nimwone." Bila baraka zake siolewi. Nilishajiambia hivyo, na Rashidi anajua.

Kwa woga wangu nikamwalika na Daktari Naomi. Ni Myahudi, daktari wa macho aliyekuja kwa muda katika hospitali ninakofanya kazi maabara, na Kiswahili anakiongea vizuri. Nilijua Baba akiona mtoto wa Ibrahimu mlangoni kwake, ukali wote utayeyuka. Na kweli, alimpokea kwa "Shalom!" kubwa mpaka jirani akachungulia dirishani.

Mbuzi alichinjwa jana na Mzee Hamisi, jirani yetu. Ndivyo tunavyofanya miaka yote: ukiwa na shughuli unamwita Mwislamu achinje, ili kila atakayekuja ale. Nikamwambia daktari, kwa majivuno kabisa, asiwe na wasiwasi, nyama imechinjwa na Mwislamu. Kichwani mwangu hilo lilikuwa linamaliza kila kitu.

Daktari akatabasamu kwa aibu. Kwao, akasema, anachinja Myahudi aliyesomea kazi hiyo, kwa kisu kisicho na pengo hata dogo. Basi ale ndizi, nikasema. Rashidi akanikanyaga mguu. Ndizi zetu tunazipika sufuria moja na nyama.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba hakukasirika hata kidogo. Alifurahi kama mwanafunzi aliyeletewa swali alilolisomea. Akaleta Biblia, akafungua Mambo ya Walawi, akatusomea habari za samaki wenye mapezi na magamba. Kisha akamgeukia Rashidi.

"Kijana, una pikipiki. Nenda mwaloni, kwa wavuvi, ukaniletee sato. Mzimamzima, na magamba yake."

"Sawa, mzee."

Alirudi suruali imejaa matope, na sato wawili kwenye mfuko. Daktari akawakagua magamba, akawapara mwenyewe kwa kisu alichokuwa nacho kwenye mkoba. Sufuria zetu asingeweza kuzitumia, kwa kuwa zimeshapika kila aina ya nyama. Baba akaenda nyuma ya nyumba, akakata majani mabichi ya mgomba, akawafunga samaki kwa chumvi na ndimu kama bibi alivyokuwa akifanya Bukoba, akawalaza juu ya makaa. Rashidi akapepea moto. Nikawaona pale wamechuchumaa, wanabishana kuhusu ugonjwa wa mnyauko wa migomba, na Baba amesahau kabisa kwamba alipanga kumhoji.

Tuliomba mara tatu. Daktari alinawa mikono, akanong'ona kwa Kiebrania. Rashidi alisema Bismillahi, akawa amemaliza. Baba aliomba mpaka ndizi zikapoa, na alipofika "kwa jina la Yesu" sauti ilipanda kidogo, makusudi.

Mazungumzo yalikuwa matamu. Baba alimwuliza daktari kama kweli bado wanamngojea Masihi. Akasema ndiyo. Rashidi akasema wao pia wanamngojea Isa arudi, wanamheshimu sana, ila ni nabii, si Mwana wa Mungu. Baba akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayetazama wageni wawili waliokosea nyumba kwa mlango mmoja tu. Wote watatu wanasema Mungu ni mmoja, na wote wanafunga, kila mmoja kwa namna yake. Ijumaa ya mmoja, Jumamosi ya mwingine, Jumapili yetu. Walipofika kwenye nguruwe, Rashidi na daktari walikubaliana papo hapo, na Baba, ambaye kitimoto anakijua vizuri, akainamia sahani yake.

Halafu akaweka kijiko chini.

"Na watoto?"

Rashidi hakuzunguka. "Mzee, sitakuficha. Kwetu mtoto anafuata dini ya baba. Ninaruhusiwa kumwoa Koku akiwa Mkristo na abaki Mkristo, na kanisani kwake sitamzuia. Ila watoto watakuwa Waislamu."

"Kwetu wanafuata mama," akasema daktari taratibu. "Baba yangu hakuwa Myahudi. Mimi ni Myahudi kwa sababu ya mama."

Baba akafikiri. "Kwetu hakuna anayezaliwa Mkristo. Hata mimi, mwinjilisti mzima, wanangu niliwapeleka kwenye maji ya ubatizo mmoja mmoja."

Nilikuwa nasubiri hapana. Badala yake Baba akachukua kipande cha sato kilichobaki kwenye jani, akakiweka kwenye sahani ya Rashidi.

"Angalau hunidanganyi," akasema.

Wakati wa kuagana, Rashidi ameshapanda pikipiki, Baba akamwambia kama anayeongelea hali ya hewa: "Wazee wako wakiwa tayari kuja, nipe taarifa mapema. Nimwambie Mzee Hamisi, siku hizi ana shughuli nyingi."

Nilikimbilia jikoni kulia. Ilikuwa furaha tupu. Nilisugua masufuria huku naimba.

Na sasa nyumba imetulia, nimeligundua linalonisumbua.

Pale mezani kila mtu alijibu swali la watoto. Mwislamu alijibu, Myahudi alijibu, Mlutheri alijibu. Mimi nilikuwa nagawa ndizi. Hakuna aliyeniuliza, na sikufungua mdomo. Nilikuwa nimehangaikia sana kibali cha Baba hata nikasahau kwamba na mimi natakiwa kukubali.

Marehemu mama alinifundisha kuomba kwa Kihaya kabla sijajua kufunga viatu. Nikiota vibaya, alikuja, akaweka mkono kifuani pangu, akamtaja Yesu, nikalala. Sijui kumtuliza mtoto kwa njia nyingine.

Rashidi hakumdanganya Baba. Sitaki mimi nimdanganye Rashidi kwa kunyamaza.

Kesho akitoka shambani nitampigia, kabla hajawaambia wazee wake neno, kabla Mzee Hamisi hajanoa kisu. Nitamwuliza hivi: mtoto wetu akiamka usiku anaogopa, na aliye karibu ni mimi, nitaruhusiwa kumwombea kwa jina ninalolijua?

Nampenda. Na akisema hapana, sijui nitamjibu nini.