Magoma Yameingia Kwenye Gemu

Jumamosi, Mbinga. Mvua haijakata tangu asubuhi na ukungu umemeza hata bati la jirani. Nimevaa koti ndani ya nyumba, na bado damu inachemka.

Nimebishana na mpwa wangu Imelda, na sikumshinda.

Imelda ni binti wa dada yangu. Anatengeneza laptopu za watu hapa mjini, na jioni zake amezimalizia kwenye gemu la kompyuta alilolibuni mwenyewe. Mchezaji anapewa mteremko mtupu. Anafyeka majani, anayalaza kwa miraba, anayafukia kwa udongo, na katikati yanabaki mashimo ya kushika maji ya mvua. Ni ngolo, kama tunavyolima Wamatengo. Ukikosea, mvua inashuka na shamba lote linaishia bondeni. La kwangu limeishia huko mara nyingi.

Sasa gemu limekamilika, na linahitaji duka.

Msimamo wangu kuhusu maduka ya magemu ya mtandaoni haujatikisika. Duka likiwa moja linakuwa mtemi. Yakiwa mengi yanapunguza kamisheni, yanarudisha hela ya gemu bovu, yanagawa mengine bure ili tu tuyatazame. Anayelalamika kwamba nywila za maduka hayo zimekuwa nyingi ni sawa na anayelalamika kwamba sokoni kuna wauzaji wengi.

Lakini duka moja jipya limemwandikia Imelda: tunakupa fedha sasa, nawe uuze kwetu peke yetu mwaka mzima.

Huo si ushindani. Hayo ni magoma.

Kila nyumba inayolima kahawa hapa inayajua. Kahawa ingali maua, ghala tupu, ada ya shule inasubiri, ndipo anapotokea bwana mwenye fedha mkononi. Msimu ukifika, mavuno ni yake, kwa bei aliyoipanga yeye. Nilimwambia Imelda hivyo leo jikoni kwa mama yake, kwa sauti ninayoitumia kwenye mikutano.

Aliendelea kumenya viazi mpaka nilipomaliza.

"Mjomba, kahawa ikinunuliwa imeondoka. Gemu nikiliuza leo, kesho bado ninalo. Mwaka ukiisha nalipeleka kwenye maduka yote."

"Na watu wakikusahau mwaka huo?"

"Kwani sasa hivi nani ananijua? Kwenye lile duka kubwa linalouza magemu ya kila mtu nitakuwa usipa mmoja, kidagaa ndani ya mtumbwi uliojaa."

Dada yangu alicheka mpaka akaweka kisu chini. Imelda hakucheka.

"Na wewe mjomba, magemu yako yote umenunua wapi?"

Duka moja. Lile kubwa. Ninaocheza nao wako humo, na kila nilichonunua kimo humo. Nimeusifu ushindani kwenye blogu hii mpaka vidole vikauma, na sijawahi kufungua akaunti ya pili.

Kisha akaniambia mpango wake. Fedha hiyo itamwezesha kuacha benchi la laptopu na kutengeneza gemu la pili, la wanawake wanaoanika usipa kule ziwani, Kihagara. Bila hiyo, atarudi kubadilisha vioo vya watu, na gemu hilo litabaki kichwani mwake.

Atasaini Jumatatu.

Nimezunguka chumbani tangu nirudi, nikitafuta mahali alipokosea. Sijapaona. Na mimi sijakosea. Fedha inayotolewa ili mlango wa mwingine ufungwe ni sumu, hata ikimfaa mtu ninayempenda, na makala ya kusema hivyo nitaiandika bila kulainisha hata sentensi moja.

Ila nimepiga kelele miaka yote kwamba mtu aachiwe achague. Imelda amechagua. Sikumbuki niliandika wapi kwamba lazima achague ninachotaka mimi.

Kwa hiyo nitafungua akaunti kwenye duka hilo jipya, nilinunue gemu la mpwa wangu kwa bei kamili, nilipakue hata likimaliza bando lote.

Halafu nitalishambulia duka hilo nikiwa mteja wake.